Kisumu na Nakuru: mahali pa kuuzia ni mtaji, na mipango ya mji haiuhesabu

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Wanajukwaa, habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie.

Mazungumzo ya kuhamisha wachuuzi yameanza tena, na kila yanapoanza hapa Kisumu tunagawanyika kambi mbili zilezile: wanaotaka mji safi, na wanaosema mwacheni mnyonge atafute riziki. Kambi zote mbili zinaliruka swali ambalo kwangu ndilo la kwanza. Kibanda kikisogezwa mita mia tatu, mwenye kibanda anapoteza nini hasa, na nani amewahi kukipima?

Mimi nasema anapoteza mtaji. Mbao na mabati atavibeba kwa mkokoteni. Mtaji ninaosema ni mahali penyewe.

Mtazameni mama anayeuza omena na sukuma wiki pale Kondele karibu na daraja la juu. Biashara yake iko kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, watu wakishuka matatu kuelekea Manyatta. Wateja wake wengi wanalipwa kwa siku, friji hawana, kwa hiyo wananunua chakula cha usiku huo tu: kikombe cha omena, nyanya tatu, mafuta ya kupima. Mtu aliyesimama kwenye mjengo tangu asubuhi hazunguki mita mia tatu kutafuta soko lenye paa. Atanunua kwa yule atakayemkuta njiani. Mama akihamishwa hapo anabaki na bidhaa zake, ujuzi wake na hata mkopo wake wa chama, lakini wateja hawakuhama naye. Na nyanya hazingojei kesho.

Hili si jambo geni kwa wasomi. Mwaka 1971 Keith Hart, mwanaanthropolojia Mwingereza, alieleza katika mkutano wa Chuo Kikuu cha Sussex jinsi wahamiaji wa mtaa wa Nima, Accra, walivyojitafutia vipato nje ya ajira za mshahara. Mwaka uliofuata, 1972, Shirika la Kazi Duniani likatoa ripoti kubwa kuhusu ajira, na nchi iliyochunguzwa ilikuwa Kenya. Ujumbe wa wataalamu walioiandika uliongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Ulisema wazi kwamba sekta isiyo rasmi ya Kenya inazalisha na inaleta faida japo kwa mtaji mdogo na vifaa duni, na kwamba mojawapo ya mambo yanayoibana ni serikali yenyewe, kwa leseni na bomoabomoa. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu tuandikiwe hivyo sisi wenyewe, kwa mifano ya miji yetu wenyewe.

Kwa nini basi tumebaki palepale? Nadhani kuna wazo jingine la wakati huohuo lililokaa zaidi vichwani mwa wakubwa. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro waliandika kielelezo cha uhamiaji kutoka shambani hadi mjini, na fikra zake zilikua sana kutokana na hali ya Kenya. Kwa ufupi, walisema mtu anakuja mjini akikadiria uwezekano wa kupata kazi ya mshahara, hata kama atakaa muda bila kazi. Kielelezo hicho kilieleza mambo mengi vizuri. Lakini ukikishika peke yake, kila asiye na mshahara mjini anaonekana kama mtu aliye kwenye foleni, anayesubiri. Na mpangaji wa mji hatengi nafasi ya kudumu kwa mtu anayesubiri. Mama aliyesomesha watoto wote kwa meza moja ya samaki pale Kibuye hasubiri chochote. Ile ndiyo kazi yake.

Takwimu za taifa ziko upande wake. Kila ripoti ya uchumi ya Shirika la Takwimu la Kenya katika miaka ya karibuni inaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiacha kilimo kidogo cha familia, ziko katika sekta isiyo rasmi. Duniani kote, Shirika la Kazi lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, yaani zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi, wako humo. Mji unaowapangia asilimia 80 ya wafanyakazi wake kama dosari ya kuondolewa haujapangwa.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Sasa nije nyumbani, maana magharibi ya Kenya imechunguzwa na wanauchumi kuliko sehemu nyingi za Afrika, na watu wetu wenyewe hawajui.

Pale Bumala, kaunti ya Busia, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwachukua wauzaji wa soko, wengi wao wanawake, pamoja na vijana wa boda boda za baiskeli. Kwa njia ya bahati nasibu, baadhi yao wakafunguliwa akaunti katika benki ndogo ya kijiji. Akaunti haikuwa na riba, na ukitoa pesa unakatwa ada. Ungedhani hakuna atakayeitaka. Lakini wanawake wa sokoni waliitumia, wakaweka akiba zaidi, na uwekezaji katika biashara zao ukapanda. Kwa vijana wa baiskeli haikuonekana tofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ninachokiona hapa ni kwamba wale wanawake hawakukosa bidii wala akili ya biashara, walikosa mahali salama pa kuweka pesa isiguswe.

Kuna jingine ambalo kila muuzaji atalitambua mara moja. Robinson, akiwa na Lori Beaman na Jeremy Magruder, alichunguza biashara ndogo za huku magharibi na kukuta kwamba zinapoteza mauzo kwa kukosa chenji. Chenji tu! Mteja ana noti ya elfu, muuzaji hana ya kurudisha, mteja anaenda zake au muuzaji anafunga meza akimbilie kwa jirani kuivunja. Walikadiria hasara hiyo kuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yote. Ikiwa dakika chache za kukimbizana na noti zinakula faida kiasi hicho, hebu fikirieni kupelekwa upande wa pili wa mji kunakula kiasi gani.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. David McKenzie na Susana Puerto walifanya utafiti katika masoko 157 ya mashambani katika kaunti nne, Kakamega na Kisii zikiwemo. Wanawake wafanyabiashara walipewa mafunzo mafupi, na watafiti walipanga kazi yao ili kujibu hofu ambayo sisi sote tunayo: huyu akiinuka, si atakuwa amemnyang'anya jirani wateja? Baada ya miaka mitatu waliopewa mafunzo walikuwa wanauza zaidi na kupata faida zaidi, na majirani wasiopewa hawakudhurika. Soko zima lilionekana kukua, wateja wakaongezeka, bidhaa mpya zikaingia. Kwa hiyo ile hoja ya "wamejaa, hakuna nafasi, wanauana wenyewe kwa wenyewe" haisimami yenyewe hivihivi, lazima ipimwe sokoni.

Lakini tafiti hizi zote zinahusu pesa na ujuzi. Muuzaji alibaki palepale alipo. Suala la mahali tumewaachia mafundi wa ramani, ambao hawaulizi faida, huku wanauchumi hawaulizi ramani. Hapo ndipo wachuuzi wetu wanapoangukia.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Shukrani kwa uzi, ndugu yangu. Niongeze la kwetu.

Mwaka 2012 mtandao wa watafiti unaoitwa WIEGO ulifanya utafiti katika miji kumi ya dunia, na Nakuru ilikuwa mmojawapo, pamoja na Accra, Durban, Lima, Ahmedabad, Bogota na mingine. Hapa walishirikiana na KENASVIT, muungano wa kitaifa wa wachuuzi wenye makao yake hapahapa Nakuru. Walifuata makundi mawili: wachuuzi wa barabarani na waokota taka. Kwa kila kundi katika kila mji walikaa kwenye vikao 15 vya majadiliano na kuwahoji watu 150. Wachuuzi wa miji mbalimbali walirudia yale yale tunayoyasikia kituo cha matatu kila siku: kukosa mahali pa uhakika, kusumbuliwa na askari wa mji, bidhaa kuchukuliwa.

La waokota taka lilinigusa zaidi, kwa sababu jaa la Gioto liko machoni petu na tunapita tukifunga pua. Plastiki na vyuma wanavyochambua pale vinaishia kwa wafanyabiashara na viwanda vilivyosajiliwa. Ni mnyororo mmoja. Rasmi anamtegemea asiye rasmi kumfanyia kazi chafu kwa bei ndogo, halafu mpango wa mji unamtambua mmoja tu.

Tulipata hadhi ya jiji Desemba 2021. Tangu hapo neno ninalolisikia sana ni "sura ya jiji". Nami nauliza, sura hiyo ni ya nani?

Mwanzisha uzi

Umenena, Nakuru. Mnyororo huo huku kwetu uko Obunga. Viwanda vya samaki vinakata minofu ya mbuta kupeleka ng'ambo, na kinachobaki, kichwa na mifupa, kinanunuliwa na akina mama wa Obunga, kinakaangwa na kuuzwa kama mgongo wazi. Kwa familia nyingi za Nyalenda na Manyatta hiyo ndiyo samaki wanayoimudu. Ukimhamisha yule mama mbali na kiwanda unamwongezea nauli kwa bidhaa ambayo faida yake ni ya shilingi chache. Ukimhamisha mbali na wateja, inaoza. Yuko pale kwa hesabu kali kabisa, ingawa hakuiandika popote.

Mchangiaji (mpango miji, amestaafu)

Kijana, nimesoma yote kwa makini. Niseme upande wetu bila hasira.

Njia ya waenda kwa miguu ni miundombinu. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupita katikati ya meza za nyanya. Gari la zimamoto likizuiliwa na vibanda, wanaoungua kwanza ni wenye vibanda hao hao, na masoko yetu yameungua mara nyingi nchini. Mtaro ukizibwa na taka za soko, mvua ya Aprili inaingia nyumba za watu. Mwenye duka naye analipa kodi ya pango, leseni, mlinzi na umeme, halafu mlangoni pake anauziwa bidhaa ile ile na mtu asiye na gharama hizo. Huyo naye ni mwananchi. Utafiti wako unamwambia nini?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kuja. Hoja ya kiti cha magurudumu na ya moto sina la kuzipinga. Njia lazima ipitike na mtaro lazima upitishe maji. Ninachopinga ni kuanzia hapo na kurukia kufukuza watu wote.

La gharama nalo tulipigie hesabu. Tuseme tikiti ya siku, yaani ada ya kuuzia anayotozwa na kaunti, ni shilingi 50, mtu anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 1,300 kwa mwezi na 15,600 kwa mwaka, kwa nafasi ya meza moja, bila choo, bila maji, bila taa, na bila hakika ya kuikuta kesho. Weka juu yake hasara ya siku anazokimbizwa na bidhaa zinazochukuliwa. Huyu analipa. Asichopata ni stakabadhi ya maana inayompa haki ya kubaki.

Na msiniambie dawa ni kuwasajili wote kisha mambo yamekwisha. Sri Lanka walijaribu: Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wafanyabiashara wadogo maelezo ya usajili na kuahidi kurudisha gharama yake, na karibu hakuna aliyeshawishika. Walipoongeza pesa ya kutosha ndipo wengi wakajisajili. Maana yake karatasi peke yake haikuwa na thamani machoni pao. Kama karatasi ingekuja na mahali pa hakika, naamini hesabu ingebadilika.

Kuhusu kugawana njia, India walitunga sheria ya wachuuzi mwaka 2014, baada ya miongo ya kazi ya vyama kama SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri kilichoanzishwa na Ela Bhatt kule Ahmedabad mwaka 1972. Sheria hiyo inataka kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambayo asilimia 40 ya wajumbe ni wachuuzi waliochaguliwa na wenzao, na theluthi moja ya hao wawe wanawake. Hakuna kumhamisha mtu kabla wachuuzi hawajahesabiwa na kupewa vyeti, na kuhamishwa kunahitaji notisi ya siku 30. Utekelezaji umesuasua katika miji mingi, hilo ni kweli. Lakini angalau mchuuzi ana kitu cha kushika mkononi mbele ya hakimu.

Durban nako, pale Warwick, kwenye makutano ya reli, mabasi na teksi, jiji lilikaa na wachuuzi tangu miaka ya tisini likajenga meza, vivuli na njia za juu kufuata mkondo wa watu. Jiji hilo hilo lilipotaka kujenga jengo kubwa la maduka mahali pa soko la asubuhi mwaka 2009, wachuuzi na mawakili wao walipinga, na mradi ukaanguka. Njia zinapitika na watu wanauza. Inawezekana, mzee.

Mchangiaji (mitumba, Kibuye)

Mimi niseme kama mwenye meza. Soko likijengwa vizuri tunafurahi, nani anapenda matope? Shida ni ghorofa. Wa chini anauza, wa juu anahesabu nzi. Mama mzee mwenye magoti hapandi ngazi kutafuta blauzi ya mia. Siku za kwanza wanapanda kuangalia, baadaye hawaji. Ndipo unaona wa juu wamerudi chini kando ya barabara na kanjo, askari wa mji, wanaanza kuwafukuza, halafu inaandikwa kwamba wachuuzi ni wakaidi, walipewa soko wakalikataa.

Na sisi wa Kibuye Jumapili ndiyo siku yetu. Mtu akipanga mambo yetu kwa kutuangalia Jumanne, atakosea kila kitu.

Mwanzisha uzi

Dada, hiyo ya Jumapili na Jumanne naomba kila afisa aisome mara mbili.

Mnakumbuka soko la Muthurwa, Nairobi? Lilifunguliwa kuwatoa wachuuzi katikati ya jiji, na wengi wakarudi barabarani. Wakaitwa wakaidi, kama unavyosema. Ukichukulia mahali kama mtaji, hakuna ukaidi hapo. Walipima mauzo ya siku chache wakarudi kwenye wateja wao, kama mwenye duka lolote angefanya.

Mchangiaji (boda boda, Mamboleo)

Na sisi je? Steji yetu ikisogezwa, abiria wanachukuliwa na tuktuk.

Mwanzisha uzi

Ni hivyo hivyo, ndugu. Tangu ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka 2008 mmekuwa sehemu kubwa ya usafiri wa mji huu, ila kwenye michoro mingi steji zenu hazipo. Mnasimama kando ya wachuuzi kwa sababu abiria wenu ndio wateja wao. Ukichora soko bila steji umechora nusu ya soko. Tena wale vijana wa baiskeli wa huku magharibi walipofuatiliwa na watafiti, ilionekana kwamba siku mtu ana hitaji la pesa, ada ya shule au dawa, anafanya kazi zaidi, na akishafikisha kile kiasi ana uwezekano mkubwa wa kwenda nyumbani. Saa zenu zinafuata mahitaji ya nyumbani. Ukimkata mtu wa namna hiyo abiria watano kwa siku hatapunguza matumizi, ataongeza saa za barabarani, na ajali zinajulikana zinatokea saa ngapi.

Mchangiaji (mpango miji, amestaafu)

Marahaba, kijana. Basi niambie jambo la kutendeka. Afisa aliye ofisini leo, mwenye bajeti ndogo na barua ya mkubwa wake mezani, aanze na nini?

Mwanzisha uzi

Aanze kwa kuhesabu, mzee. Kabla ya mchoro wowote, vijana wa vyuo vyetu wasimame kwenye sehemu ya sasa na kwenye sehemu inayopendekezwa, wahesabu wanaopita kwa miguu kila nusu saa, kuanzia alfajiri hadi saa tatu usiku. Siku ya kawaida, siku ya soko, Jumapili, na mwisho wa mwezi. Ikiwa sehemu mpya ina theluthi ya wapita njia wa sehemu ya zamani, basi kila mtu mezani ajue anaombwa kupoteza takriban kiasi gani.

Halafu wahamishe kwa awamu. Wachuuzi wakikubali bahati nasibu iamue nani aende kwanza, tutaweza kulinganisha mauzo ya waliohama na ya waliobaki kwa miezi kadhaa, kwa njia ileile iliyotumika Bumala kwa akaunti za benki. Ikionekana waliohama wanaumia, mpango urekebishwe kabla ya wengine kufuata: steji isogezwe pamoja nao, ngazi ziondolewe, taa ziwekwe, lango lifunguliwe upande wa watu. Gharama yake ni ndogo kuliko soko la mamilioni lililokaa tupu.

Na sisi wananchi tusingoje tingatinga ndipo tupige kelele. Masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, na waraka wa mkakati wa fedha ifikapo Februari 28. Ada za tikiti na leseni ziko kwenye mswada wa fedha wa kaunti. Sheria inataka tushirikishwe, nasi tunaacha viti vitupu, au tunakwenda na malalamiko bila hesabu.

Kwa walio Kisumu wanaotaka kusaidia: ninaandaa fomu ya kuhesabia, karatasi moja tu, na nitaibandika kwenye uzi huu. Tunaanza na Kondele na Kibuye. Dada wa mitumba, tafadhali tuambie Jumapili wateja wa kwanza wanaingia Kibuye saa ngapi, na wanaingilia upande gani zaidi, ili tujue watu wa kuhesabu wasimame wapi.

Mchangiaji (mitumba, Kibuye)

Saa kumi na mbili asubuhi wenye kununua kwa jumla wameshafika. Wa rejareja kuanzia saa tatu, baada ya ibada ya kwanza. Wekeni watu kila lango, msitegemee moja. Mkija niulizieni, nitawatafutia kivuli cha kukaa.